Kufanya Kazi ya Upigaji Picha kwa Kamera ya Daraja la Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wapigapicha wanaoanza kulipwa, au wanaofikiria kuanza, huuliza tena na tena. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kamera ya kidijitali ya daraja la kati ambaye kwa sasa hana mpango, au hana uwezo, wa kununua ya daraja la juu. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kurejelea jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kamera ya daraja la kati ni ipi hasa?

Ni kamera inayobadilishwa lenzi, iwe ya kioo (yenye kioo cha kuakisi ndani, yaani DSLR) au isiyo na kioo, inayomwachia mpigapicha apange mwenyewe kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), lakini ambayo haikujengwa kwa matumizi mazito ya kila siku. Nyingi zina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya aina ya APS-C, yenye ukubwa wa takribani milimita 23.5 kwa 15.6 (za Canon ni ndogo kidogo, takribani 22.3 kwa 14.9), na megapikseli kati ya 20 na 33. Nikon D7500, Canon EOS 90D na Sony a6400 ni mifano inayofahamika.

Tofauti yake na kamera ya daraja la juu haionekani sana kwenye picha yenyewe. Iko kwenye mambo ambayo mnunuzi hayatazami dukani: nafasi moja ya memori kadi badala ya mbili, mwili usiokingwa vyema dhidi ya maji na vumbi, shata iliyopimwa kwa idadi ndogo zaidi ya mipigo, na uwezo mdogo wa kupiga picha nyingi mfululizo bila kusita.

2. Je, inawezekana kweli kulipwa kwa kamera kama hiyo?

Inawezekana, na wengi wanalipwa. Nikon D1, kamera iliyowaingiza wapigapicha wengi wa magazeti kwenye upigaji wa kidijitali, ilitoka mwaka 1999 ikiwa na megapikseli 2.7 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Alex Majoli, mpigapicha wa shirika la picha la Magnum, alipiga habari za vita huko Kongo na Iraq kwa kamera ndogo za Olympus za megapikseli 5, ambazo watu wengi wangezibeba kwenye matembezi ya familia. Kamera ya daraja la kati ya leo inazipita zote hizo kwa mbali.

Hata hivyo, jibu hilo likiachwa hapo linapotosha. Anayepiga picha kwa kujifurahisha akikosa picha leo atarudi kesho. Aliyelipwa hana kesho. Maharusi hawatavishana pete upya kwa sababu memori kadi imegoma, na mhitimu hatapanda jukwaani mara ya pili kwa sababu shata imekwama. Upungufu wa kamera ya daraja la kati hauko kwenye ubora wa picha, uko kwenye uhakika, na sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inaeleza namna ya kuliziba pengo hilo kwa vifaa vya ziada na kwa mazoea ya kazi.

Zipo pia kazi ambazo kamera hii inaziweza kwa urahisi na nyingine zinazoilemea. Picha za watu, za bidhaa, za majengo, za familia na za hafla zenye mwanga wa kutosha hazina tatizo lolote. Michezo ya usiku na wanyamapori wanaokwenda kasi ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa zinadai kwa pamoja fokasi ya haraka, lenzi ndefu yenye tundu kubwa na upigaji wa mfululizo.

3. Megapikseli 24 zinatosha kwa kazi ya kuchapishwa?

Zinatosha. Picha ya megapikseli 24 huwa na pikseli 6000 kwa 4000. Ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, kiwango cha vitabu na majarida mazuri, inatoa takribani sentimita 51 kwa 34 bila kuongezwa ukubwa. Ukurasa wa A4 unahitaji megapikseli 8.7 hivi, na wa A3 unahitaji 17.4. Bango kubwa hutazamwa kwa mbali, kwa hiyo halihitaji nukta nyingi kiasi hicho.

Jambo la kuchunga ni kukata picha. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, megapikseli 24 zinageuka 6. Anayejizoesha kusogea karibu na anachokipiga, badala ya kutegemea kukata baadaye, hufaidika na kamera yake yote.

4. Sensa ndogo inaharibu picha kwa kiasi gani?

Kwa kiasi kidogo kuliko inavyodaiwa. Sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 ina eneo mara 2.3 hivi ya sensa ya APS-C, maana yake inakusanya mwanga unaozidi mara mbili kidogo. Tofauti hiyo ni ya kweli, na kwenye ukumbi wenye giza utaiona. Lakini ilinganishe na lenzi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa): tundu la f/1.8 linaingiza mwanga karibu mara kumi ya tundu la f/5.6. Mwenye sensa ndogo na lenzi ya f/1.8 anapata mwanga mwingi kuliko mwenye sensa kubwa aliyebaki na lenzi ya f/5.6. Hesabu hii ndiyo msingi wa jibu la swali linalofuata.

## Lenzi, flashi na vifaa vingine

5. Nikipata fedha, nibadilishe kamera au ninunue lenzi?

Nunua lenzi, isipokuwa kamera yako ni mbovu. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera huwa na tundu la f/3.5 ikiwa imefunguka kwa upana na f/5.6 ikivutwa hadi mwisho, na hapo ndipo picha nyingi za ndani zinapoharibika. Lenzi nzuri pia hubaki na thamani kwa miaka mingi na huhamia kwenye kamera utakayonunua baadaye ikiwa utabaki na mfumo uleule.

Mpangilio ninaoushauri ni lenzi moja yenye tundu kubwa, kisha flashi, kisha betri na memori kadi za akiba, kisha kamera ya pili hata kama ni ya zamani. Kubadilisha kamera kuu kuwa ya daraja la juu kunakuja mwisho. Najua mpangilio huu hauvutii, kwa sababu kamera mpya ndiyo inayoonekana mkononi, lakini sijaona mwingine unaomtoa mtu haraka zaidi kwenye hofu ya kushindwa kazi.

6. Lenzi ipi ya kwanza?

Milimita 50 (huo ni urefu wa fokasi: namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta zaidi) ya f/1.8 ni nafuu na ina ubora wa kushangaza, ila kumbuka kwamba kwenye sensa ya APS-C inaona kama milimita 75 au 80 kwenye sensa kubwa. Hiyo inafaa sana kwa sura za watu, lakini ndani ya chumba kidogo utajikuta umeegemea ukuta na kundi bado halijaenea kwenye fremu. Milimita 35 ya f/1.8 iko karibu na jinsi jicho linavyoona na inatumika mahali pengi zaidi. Kwa anayefanya hafla kila wiki, lenzi ya kuvuta ya milimita 17 hadi 50 au 55 yenye f/2.8 isiyobadilika ndiyo itakayokaa kwenye kamera muda mwingi.

7. Je, nahitaji flashi, au mwanga wa asili unatosha?

Unahitaji flashi, na unahitaji kujua kuitumia kabla ya kukubali kazi ya ndani. Wengi husema wanapenda mwanga wa asili, na mwanga huo ni mzuri kweli, lakini mtu aliyelipwa hawezi kumwambia mteja kwamba ukumbi ulikuwa na giza. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera yenyewe haisaidii sana: inamulika uso moja kwa moja, inatoa kivuli kikali ukutani na kuyafanya macho kuwa mekundu. Flashi ya kuchomeka inayogeuza kichwa inaelekezwa darini au ukutani, na mwanga unarudi ukiwa mpana na laini. Dari iwe nyeupe na isiwe ya juu mno. Dari ya mbao au yenye rangi itazipaka nyuso rangi hiyohiyo.

Nguvu ya flashi hutajwa kwa namba elekezi. Ukiigawa kwa namba ya tundu la lenzi, unapata umbali ambao flashi inaufikia kwa ISO 100. Flashi yenye namba elekezi 60 kwa mita, ukiwa kwenye f/4, inafika mita 15 ikielekezwa moja kwa moja. Ukiigeuzia darini, sehemu kubwa ya mwanga hupotea njiani, ndiyo maana ISO hupandishwa hadi 800 au zaidi. Mwanga pia hupungua kwa mraba wa umbali: anayesimama mita 4 kutoka kwenye flashi anapata robo ya mwanga anaoupata aliye mita 2. Kundi likipangwa kwa kina, walio mbele wataungua, yaani watatoka weupe kupita kiasi, na walio nyuma watazama gizani.

Angalia pia kasi ya shata ya juu kabisa inayokubaliana na flashi. Kwa kamera nyingi za daraja hili ni kati ya 1/160 na 1/250 ya sekunde. Ukiivuka bila kuwasha hali maalumu ya kasi ya juu, sehemu ya picha itatoka na ukanda mweusi, kwa sababu wakati flashi inawaka shata haikuwa imefunguka yote.

8. Kamera ya pili ni ya lazima?

Kwa kazi inayoweza kurudiwa, kama picha za bidhaa au za familia, si ya lazima. Kwa harusi, mahafali, mazishi na hafla yoyote isiyorudi, naihesabu kuwa ya lazima, na nimefikia msimamo huu kwa machungu. Shata ya kamera yangu iliwahi kukwama katikati ya hafla, bila dalili yoyote kabla. Nilikuwa na kamera ya zamani kwenye mkoba, yenye megapikseli chache, na picha zilizobaki nilizipiga kwa hiyo. Mteja hakuona mahali kamera zilipobadilishana. Kama ile ya zamani ningekuwa nimeiuza, ningemwambia nini?

Kamera ya pili haihitaji kuwa mpya. Kinachohitajika ni kwamba ipokee lenzi zilezile, flashi ileile na ikiwezekana betri zilezile. Kama huwezi kuinunua, ikodi kwa siku ya kazi na uiweke gharama hiyo kwenye bei, au mwombe mpigapicha mwenzako akuazime kwa makubaliano kwamba nawe utamwazima. Siku ya kazi zipange kamera zote mbili kwa saa na tarehe moja, la sivyo utahangaika kuzipanga picha kwa mfuatano baadaye.

9. Nikinunua kamera iliyotumika, nitazame nini?

Uliza idadi ya mipigo ya shata. Shata za kamera za daraja la kati hupimwa na watengenezaji kwa mipigo kati ya 100,000 na 200,000. Nyingine huvuka hapo bila shida na nyingine hufa mapema. Shata inaweza kubadilishwa na fundi, kwa hiyo idadi kubwa si sababu ya kuikataa kamera ikiwa bei imezingatia hilo. Kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi kwenye sensa, jaribu kila kitufe na kila mlango, chomeka flashi, na hakikisha lenzi haichezi inapokaa.

## Wakati wa kazi

10. Ukumbi una giza. Nipandishe ISO hadi wapi?

Hadi pale kasi ya shata itakapotosha kumgandisha mtu. Kosa la kawaida la mwenye kamera ya daraja hili ni kuiogopa ISO, akabaki kwenye 800, na shata ikashuka hadi 1/30. Picha inatoka bila chembechembe (madoadoa madogo yanayoletwa na ISO ya juu) lakini imetikisika, na picha iliyotikisika haina dawa. Chembechembe zina dawa, kwa maana programu za kuhariri za siku hizi huzipunguza vizuri sana. Kwa kamera nyingi za APS-C za miaka ya karibuni, ISO 3200 ni ya kawaida kabisa na 6400 inakubalika picha ikiwa imepata mwanga sahihi. Kupiga picha ikiwa na giza kwa nia ya kuing'arisha baadaye huleta chembechembe mbaya kuliko kupandisha ISO pale pale.

Watu wanaozungumza wamesimama wanahitaji 1/125 hivi, wanaotembea 1/250, na wanaocheza 1/500 ikiwa huna flashi. Mfumo wa kutuliza mtikisiko ulio kwenye lenzi au kamera hutuliza mkono wako tu. Hauwezi kumtuliza anayecheza.

11. RAW au JPEG?

RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, kwa kazi nyingi za kulipwa; JPEG ni picha ambayo kamera imeshaichakata na kuibana. Faili ya RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali JPEG ina 256. Akiba hiyo ndiyo inayokuokoa pale gauni jeupe linapokaribia kuungua au taa za ukumbi zinapozitia nyuso rangi ya chungwa. JPEG ina nafasi yake pale picha zinapotakiwa kutumwa dakika hiyohiyo, kama kwenye habari, na hapo unaweza kuiagiza kamera itunze zote mbili kwa pamoja.

12. Kwa nini picha za ndani zina mistari ya giza au rangi zinabadilika kila nikipiga?

Taa nyingi za umeme hupepesa bila jicho kuona. Kwenye umeme wa hezi 50 mwanga hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na kwenye hezi 60 mara 120. Ukipiga kwa kasi kubwa unakamata kipande tu cha mpepeso huo. Shusha kasi hadi 1/100 au 1/50 kwenye umeme wa hezi 50, na 1/120 hivi au 1/60 kwenye hezi 60. Kama kamera yako isiyo na kioo ina shata ya kielektroniki, izime na utumie ile ya kawaida, kwa kuwa ya kielektroniki ndiyo inayotoa mistari mingi zaidi chini ya taa za LED.

13. Kamera yangu ina nafasi moja ya memori kadi. Je, ni hatari?

Ni hatari inayoweza kupunguzwa, lakini haiwezi kufutwa. Wapo wanaosema kwamba mtu asipige harusi kabisa kwa kamera ya nafasi moja. Naelewa wanakotoka, ila nadhani kamera mbili za nafasi moja moja, zikitumika kwa zamu wakati wa matukio makuu, zinatoa kinga inayokaribiana na hiyo: kadi moja ikifa, kiapo, pete na picha za familia zipo kwenye nyingine.

Tumia kadi kadhaa za ukubwa wa wastani badala ya moja kubwa inayobeba siku nzima, na uzibadilishe wakati wa utulivu, kadi ikiwa haijajaa. Kadi iliyotumika iweke mahali tofauti na tupu, kwenye mfuko wa nguo yako na si kwenye mkoba unaouacha kitini. Usifute picha mojamoja ndani ya kamera ukiwa kazini. Haraka ndiyo inayofuta picha isiyopaswa kufutwa. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera kabla ya kazi, baada ya kuhakikisha nakala zipo kama inavyoelezwa katika swali la 16. Kadi hazidumu milele, kwa hiyo iliyowahi kuonyesha kosa hata mara moja iondolewe kazini.

14. Kamera inasita katikati ya upigaji wa mfululizo. Ni mbovu?

Si mbovu. Kumbukumbu yake ya muda imejaa na inasubiri kuandika kwenye kadi. Kadi yenye kasi zaidi husaidia, mradi kamera yenyewe inaweza kuitumia kasi hiyo. Alama ya V30 inahakikisha angalau megabaiti 30 kwa sekunde mfululizo. Kinachosaidia zaidi ni kupiga picha mbili au tatu kwa wakati wake kuliko kushikilia kitufe.

15. Nibebe betri ngapi?

Nne kwa kamera isiyo na kioo na mbili au tatu kwa ya kioo, kwa siku nzima ya kazi. Ziwekee namba, na ubebe chaja hata kama unaamini hutaihitaji. Betri za flashi zihesabiwe peke yake.

## Baada ya kupiga

16. Nitunze picha vipi ili zisipotee?

Kanuni inayofahamika ni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja kati yake ikiwa mahali pengine mbali na ulipo. Kwa vitendo, usiku uleule wa kazi, kabla ya kulala, hamishia picha kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na kadi zenyewe uziache bila kufutwa. Nakala ya tatu ipelekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwenye diski inayokaa nyumba nyingine. Kadi zifomatiwe pale tu nakala tatu zinapokuwepo na umefungua picha kadhaa kutoka kila nakala. Diski inayoorodhesha majina ya faili bila kuzifungua imewadanganya wengi.

Faili ya RAW ya megapikseli 24 hufikia megabaiti 25 hadi 30, kwa hiyo hafla ya picha 1,500 inadai takribani gigabaiti 40. Gharama ya diski ni sehemu ya bei ya kazi (tazama swali la 19), na muda utakaozitunza picha uandikwe kwenye mkataba.

17. Kwa nini rangi hubadilika picha ikifunguliwa kwenye simu ya mteja?

Mara nyingi umeitoa ikiwa kwenye mfumo wa rangi wa Adobe RGB, ilhali simu na kurasa nyingi za mtandaoni zinategemea mfumo wa sRGB. Toa picha zote za mteja kwa sRGB, isipokuwa mchapishaji ameomba kingine kwa maandishi. Sababu ya pili ni kioo cha kompyuta yako kung'aa mno: ukihariri kikiwa kimepandishwa hadi mwisho, picha zikichapishwa zinatoka na giza.

18. Mteja anataka faili zote za RAW. Nimpe?

Hulazimiki, isipokuwa mlikubaliana. Faili ya RAW ni kazi ambayo haijamalizika, na ikihaririwa vibaya itasambaa bado ikiwa na jina lako. Mweleze hivyo kwa upole mwanzoni. Akiwa ana sababu ya msingi, kwa mfano ni kampuni yenye wahariri wake, weka bei yake na uiandike.

## Wateja, malipo na haki

19. Nipange bei vipi nikiwa na kamera isiyo ya juu?

Bei haifuati kamera. Kokotoa gharama zako za mwaka: vifaa vikigawanywa kwa miaka utakayovitumia, matengenezo, usafiri, programu, diski, bima, kodi. Zigawanye kwa idadi ya kazi unazotarajia kwa uhalisia, kisha ongeza saa zako. Hapa ndipo wengi wanapojipunja, kwa sababu huhesabu saa za hafla tu. Hafla ya saa sita inaweza kudai saa nyingine sita au zaidi za kuchagua, kuhariri, kutuma na kujibu ujumbe. Anayetoza nusu ya bei kwa kuionea haya kamera yake hatapata fedha za kununua lenzi wala kamera ya akiba, na upungufu ule wa uhakika uliotajwa katika swali la 2 utabaki palepale.

20. Mteja akiniuliza ninatumia kamera gani?

Mtajie kwa ukweli, kisha muonyeshe kazi nzima moja ya aina anayoitaka, tangu mwanzo hadi mwisho, si picha kumi bora za miaka mitano. Nyuma ya swali hilo mara nyingi kuna swali jingine: je, utaniangusha? Mweleze kuhusu kamera ya pili na nakala za picha, na utaona anaacha kuuliza habari za kamera.

21. Nahitaji mkataba hata kwa kazi ndogo?

Ndiyo, hata wa ukurasa mmoja. Uwe na majina, tarehe, mahali, saa za kuanza na kumaliza, takribani picha ngapi zitatolewa na lini, arubuni na salio, kitakachotokea mmoja wenu akiahirisha, matumizi yanayoruhusiwa ya picha, na muda wa kuzitunza. Ongeza kipengele kinachosema wazi nini kitafanyika vifaa vikishindwa au ukiugua: nani atachukua nafasi yako, na kiasi gani cha fedha kitarudishwa. Ni kipengele kigumu kukiandika, na wengi hukiruka, lakini mwenye kamera isiyo na nafasi ya pili ya kadi ndiye anayekihitaji kuliko wote. Ahadi zilizotolewa kwa simu zirudiwe kwa maandishi siku hiyohiyo.

22. Hakimiliki ya picha ni ya nani?

Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 kuhusu hakimiliki, ambao nchi nyingi zimejiunga nao, ulinzi wa kazi huanza bila kusajiliwa. Mkataba wa WIPO (Shirika la Haki Miliki Duniani) wa mwaka 1996 uliziondolea picha ule muda mfupi wa ulinzi uliokuwa umeruhusiwa awali. Kwa kawaida haki ni ya aliyepiga, ila sheria za nchi hutofautiana kuhusu mwajiriwa na kuhusu kazi iliyoagizwa, kwa hiyo soma sheria ya mahali unapofanyia kazi na uandike makubaliano. Haki ya mtu juu ya sura yake ni suala la pembeni: kuwa na hakimiliki hakukupi ruhusa ya kumweka mteja kwenye tangazo. Omba idhini kwa maandishi, na kwa mtoto iombwe kwa mzazi au mlezi.

## Hali zisizo za kawaida

23. Kadi imegoma kusoma nikiwa katikati ya kazi. Nifanye nini?

Itoe, iweke pembeni, endelea na nyingine. Usiifomati hata kamera ikikuomba, na usiandike chochote juu yake. Nyumbani jaribu programu ya kurejesha faili ukiokoa kwenda diski nyingine. Ikishindikana, peleka kwa wataalamu wa urejeshaji kabla ya kujaribu mbinu nyingi. Mwambie mteja ukweli mapema, ukiwa tayari unajua ni sehemu gani ya hafla iliyo kwenye kadi hiyo.

24. Mgeni ana kamera kubwa kuliko yangu. Nifanyeje?

Msalimie na uendelee. Akisimama kwenye njia yako wakati wa tukio kuu, mwombe kwa heshima asogee, au mwombe msimamizi wa hafla amweleze. Ni afadhali jambo hili lizungumzwe na mteja kabla ya siku yenyewe.

25. Mvua, vumbi na unyevu je?

Chukulia kwamba kamera yako haikukingwa, hata kama tangazo linasema ina kinga fulani. Mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi unatosha kwa manyunyu. Badilisha lenzi ukiwa umeupa upepo mgongo na mdomo wa kamera ukitazama chini. Ukitoka kwenye baridi kuingia penye joto, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto, la sivyo ukungu utatanda kwenye lenzi na ndani yake. Unapozihifadhi, weka pakiti za kunyonya unyevu, kwa kuwa kuvu ikishaingia ndani ya lenzi ni vigumu kuitoa.

26. Mteja ameomba na video kidogo. Nikubali?

Kubali ikiwa kuna mtu wa pili wa kuishika. Kupiga picha na video kwa mikono miwili huharibu vyote viwili. Jua pia kwamba kamera nyingi za daraja hili hupunguza upana wa fremu zikiwa kwenye 4K, nyingine hukoma karibu na dakika 30, na nyingine hupata joto zikajizima.

27. Ni lini kweli nihame kwenda daraja la juu?

Pale unapoweza kutaja kazi uliyoikosa au uliyoiharibu kwa sababu ya kamera, na si kwa sababu ya mwanga, lenzi au nafasi uliyosimama. Weka daftari kwa miezi sita. Kila picha iliyoshindikana, andika sababu yake: fokasi ilichelewa, shata ilikuwa ya polepole, flashi haikufika, sikuwepo mahali sahihi. Ukikuta kwamba fokasi na nafasi ya kadi ndizo zinazojirudia kuliko nyingine zote, na fedha za kuhama zimetoka kwenye kazi zenyewe badala ya mkopo, hama, na kamera uliyonayo sasa ibaki kuwa ile ya pili iliyoelezwa katika swali la 8.